Ndege Iliyokwenda Kinama

Zena alinipigia simu asubuhi, akanisalimia, akaniuliza kama kazi inaendelea, akaniuliza kama huku kuna mvua, na baada ya hayo yote ndipo akasema, "Baba ametutangulia." Nilikuwa katika mji wa bahari, siku tatu za basi kutoka Bujumbura, nimepanga chumba juu ya duka la cherehani. Sikujua mtu anaombolezea wapi katika mji asio na ndugu ndani yake, kwa hiyo nilivaa viatu nikaenda makumbusho ya ndege. Huwa naenda. Katika kila mji wa pwani nilioishi, kama kuna jumba la ndege za zamani, mimi nitalijua kabla sijajua soko liko wapi. Lile la mji huu ni ukumbi mrefu wenye madirisha yanayotazama maji, na ndege zimening'inizwa kwa nyaya, zikizunguka kidogo sana upepo ukipita, kama watu waliosinzia wakiwa wamesimama. Mlinzi ananifahamu. Siku ile alinitazama usoni akaniacha niingie. Nilikaa kwenye benchi mbele ya ndege ndogo ya abiria yenye madirisha ya umbo la yai, nikasubiri mtu aje aniulize ninakwenda wapi. Hakuna aliyekuja. Katika makumbusho ya kweli hakuna anayekuuliza hivyo.

Aliyekuwa akiuliza ni Fundi Idi, baba yake Zena, na makumbusho yake ndiyo ya kwanza niliyoingia maishani. Yalikuwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, katika ua wa nyumba yake, nyuma ya karakana aliyoyeyushia aluminiamu na kumimina sufuria. Ya nyumbani kwetu nayaacha. Hayana kazi hapa. Itoshe kusema kwamba shule niliiacha mapema kwa sababu kila nilichosoma kilinifanya nitake kwenda kukiona, na kwamba katika mwaka ule wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka na vita vikiwa vimekaa kwenye vilima juu ya mji, mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimebeba matofali, nimefunga kamba za meli bandarini, nimeuza mkaa, na sikuwa na mahali pa kulala. Nilikuwa napita tu. Nikaona pua ya ndege imechungulia juu ya ukuta wa mtu, kati ya antena na nguo zilizoanikwa, nikabisha hodi.

"Samahani muzee," nikamwambia mwanamume aliyefungua, mfupi, ana kofia ya kufumwa kwa mkono na aproni ya ngozi iliyoungua. "Hii avioni ilianguka hapa?"

"Ingeanguka hapa, ungenikuta mi niko chini yake."

"Basi ilifika namna gani?"

"Na mukokoteni. Safari tatu."

"Kwa nini?"

"We unauliza sana. Vua viatu kwanza. Kwa avioni yangu hatuingii na matope ya muto Ntahangwa."

Ilikuwa nusu ya mbele ya ndege iliyokuwa imelala miaka mingi kwenye majani ya uwanja wa ndege hadi wenyewe walipoichoka. Aliinunua kama chuma chakavu kabla ya vita, akaikata vipande, akavileta Buyenzi, na badala ya kuviyeyusha kama alivyokusudia, akaviunganisha tena, ribiti kwa ribiti, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyoshika bati la ndege mahali pake. Mkewe, Mama Zena, aliniambia kwamba kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima, na kwamba siku alipoimaliza alikaa ndani tangu swala ya adhuhuri hadi magharibi, akatoka akasema, "Imekaa vizuri," kama mtu aliyemaliza kutandika kitanda. Ndani kulikuwa na viti kumi vya kitambaa cha bluu kilichopauka, mezani kwa rubani kulikuwa na saa na mishale isiyotembea, na kando ya mlango kulikuwa na gurudumu moja kubwa la ndege, bila mpira, limelazwa, ambalo Mama Zena aliwekea sinia la chai. Harufu yake sijaisahau: vumbi, tangawizi, mafuta ya mashine na mkaa.

Desturi ya makumbusho yale ilikuwa hivi. Unavua viatu, unachagua kiti, unakaa. Fundi Idi anapita katikati, anasimama kwako, anauliza, "Unaenda wapi?" Unataja mahali. Yeye anatikisa kichwa kukubali, anakwenda kwa mwingine. Akishawauliza wote, anatoa kichwa nje ya mlango na kumwita bintiye. "Zena, washa." Zena alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye mikono migumu na ulimi mkali kuliko mikono, na kazi yake ilikuwa kuzungusha feni ya tanuri, iliyotengenezwa kwa gurudumu la baiskeli. Feni ikianza, bati lote la ndege linatetemeka, na hapo mtu anafumba macho au anatazama dirishani. Upande wa kushoto Fundi Idi alikuwa amepaka ukuta wa ua rangi ya mbingu, na mawingu ya chokaa. Upande wa kulia ulitazama jiko la Mama Zena. Wageni wazoefu waligombea kushoto. Mimi nilipenda kulia. Nilipenda kuruka polepole juu ya sombe, yale majani ya muhogo, inayochemka na paka aliyelala kwenye gunia. Ndege iliruka wakati karakana inayeyusha chuma tu, kwa sababu injini yake ilikuwa feni ileile. Hakupoteza mkaa kwa ndoto. Lakini mkaa unaowaka kwa sababu ya sufuria, alisema, nani atakataza watu wausikilize?

Hakutoza kitu. Alinipa kazi ya kuchekecha mchanga wa kalibu, ule laini wa mtoni ambao unaukandamiza juu ya sufuria ya zamani ili ubaki na umbo lake, kisha unamimina chuma katika nafasi iliyobaki. Na kwa kuwa sikuwa na pa kulala, alinionyesha safu ya viti vya nyuma. Mama Zena aliniita Kwanini, na jina hilo likashika. "Kwanini, kuja ukule." "Kwanini, we ni mutu wa wapi kabisa?" Nilikula nao. Mwaka ule sukari ilikuwa hadithi, chumvi ilipimwa kwa kijiko, lakini ndagala hawakukosekana, na Mama Zena alijua kumfanya samaki mdogo kama ukucha aonekane amealikwa harusini. Tulikula kwenye mkeka, milio ya milimani ikija na kupotea, na mazungumzo yakikatika na kuendelea mahali palepale yalipokatikia. Hivi nilivyo sasa, mtu mwenye mvi, nikikaa mgahawani peke yangu huwa nasikia bado zile sauti: Mama Zena akilalamika kwamba bati la ndege linakula nafasi ya kuku, Fundi Idi akijibu kwamba kuku nao wanaruka, waingie, na Zena akisema kuku wa nyumba hii wakiulizwa wanaenda wapi watajibu wanakimbia njaa.

Watu walikwenda mahali pengi. Muuza vitenge alikwenda Dubai kila alipopata nafasi. Mzee wa msikitini alikwenda Maka, na akirudi alitusalimia kama mtu aliyetoka safari. Mimi nilitaja kila mara mji wenye bahari, mji wowote, kwa sababu nilikuwa nimeona ziwa tu na nilitaka kujua kama ni kweli kwamba ng'ambo haionekani. Halafu Kinama, mtaa wa kaskazini mwa mji, ikahamwa. Risasi zilishuka hadi kwenye nyumba, na watu wakaja mjini na walichoweza kushika. Familia tano zilipewa hifadhi katika ua wa jirani yetu, na miongoni mwao alikuwa Mama Anesi, mwanamke mrefu mwenye watoto wanne, Mkristo, aliyekuja na Biblia, jembe na mwavuli. Siku ya kwanza alipoletwa kuona ndege alivua viatu, akachagua kiti cha kushoto, akaweka mikono magotini. Fundi Idi akasimama kwake.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kinama."

Watu wakageuka kumtazama. Kinama ilikuwa hapo tu. Siku za amani mtu alikwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Muuza vitenge akasema, "Lakini mama, Kinama hakuna uwanja wa avioni."

"Basi muniangushe juu ya nyumba," akasema Mama Anesi. "Njia ya kuingia nitaijua."

Watu wakacheka, naye akacheka, na Fundi Idi akatikisa kichwa kwa heshima ileile aliyompa mtu wa Maka. "Zena, washa." Tangu siku ile abiria walibadilika. Dubai ilisahaulika. Mmoja alikwenda Kinama, mwingine Kamenge, mwingine alikwenda shambani kwake Carama kuangalia kama mihogo imeng'olewa. Safari zilikuwa fupi kuliko zote zilizowahi kufanywa na ndege, na watu walishuka wamechoka. Nilianza kumpa Mama Anesi nafasi yangu upande wa jiko pia, lakini alikataa. Alisema kwake mawingu ya chokaa yanafanana na ukuta wa nyumba yake.

Katika ua ule wa jirani, familia zote tano zilikuwa na sufuria moja. Walipika kwa zamu. Wa kwanza alipika asubuhi, wa pili akisubiri na maharage yake yaliyolowekwa, na Mama Anesi, kwa kuwa alifika wa mwisho, alipika wa mwisho, jua likiwa limeshaelekea ziwani. Watoto wake walikuwa wamekaa mstari, macho kwenye sufuria ya mwenzao, kimya kabisa. Siwezi kusahau ule ukimya. Fundi Idi aliwaona kila siku akitoka msikitini. Aliahidi kila familia sufuria yake, na mifuniko, lakini ambargo ilikuwa imemaliza chuma. Pistoni za magari zilikwisha, masufuria mabovu yalikwisha, hata vijiko vilivyovunjika vilikwisha. Tanuri likanyamaza siku nyingi, na ndege nayo ikakaa kimya, abiria wakija na kurudi. Ijumaa moja, tukiwa kwenye mkeka, Mama Zena alisema lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka.

"Baba Zena, ile ya uani ni chuma ao ni nini?"

"Ni chuma."

"Watoto wa mutu wanakula usiku kama popo, na sisi tuko na nyumba ya chuma ya kukalia na kufunga macho."

Fundi Idi alirudisha tonge sahanini. "Mi najua," akasema. "Mushike karai la mwisho la chuma, tumimine sufuria moja Jumapili. Jumatatu tutaanza kukata."

Usiku ule sikulala vizuri katika kiti changu. Ni aibu kuandika, lakini kisa kinachoficha hili hakina maana: sikuwafikiria watoto wa Mama Anesi. Nilifikiria ndege. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na miwili bila kukaa mahali pamoja, na hapo kwa mara ya kwanza nilikuwa na mahali, na mahali penyewe palikuwa panakwenda kila mahali. Nilizunguka ndani nikigusa vitu kwa kiganja, nikitafuta nini kingetolewa ili mwili wa ndege ubaki. Viti havikuwa chuma. Meza ya rubani ilikuwa bati jembamba. Ndipo mkono wangu ukafika kwenye gurudumu la sinia. Lilikuwa jepesi kidogo kuliko lilivyopaswa, jeupe chini ya rangi yake ya kijani-njano, na kwa hesabu yangu lingetoa sufuria mbili kubwa. Sufuria mbili zingesogeza mbele ile Jumatatu.

Na hapa ndipo penye kisa changu chote. Mimi, niliyeitwa Kwanini, niliyeuliza kwa nini mchanga wa mtoni na si wa ziwani, kwa nini majivu juu ya chuma kilichoyeyuka, kwa nini paka hali ndagala wa kukaanga, kuna siku moja sikuuliza. Wiki chache kabla nilikuwa nimemwona Fundi Idi akikwangua ukingo wa gurudumu lile kwa tupa, akakamulia limao, akainama kulitazama. Limao likatoa povu dogo, likifoka kama soda. Akatikisa kichwa, akalirudisha mahali pake, akasema, "Hili liache libebe chai." Nilikuwa kwenye dirisha la kulia, natazama jiko, nadhani ni usafi tu anafanya.

Jumapili alasiri Fundi Idi alikwenda msikitini akiwa ameacha karai la mwisho likiyeyuka. Alimwambia Zena aendelee na feni, nami niangalie rangi ya moto. Zena aliitwa na mama yake kidogo. Nilichukua nyundo kubwa, nikalivunja gurudumu, na vipande vilivunjika kirahisi mno, jambo ambalo pia lilipaswa kunifanya niulize swali. Nikavitia ndani ya chungu cha kuyeyushia, nikazungusha feni mwenyewe kwa nguvu. Mama Anesi alikuwa amesimama langoni na mwavuli wake, akisikiliza. "Leo inaruka?" akauliza. "Leo inaruka, mama," nikamjibu.

Kwanza ilikuja cheche moja, nyeupe. Kisha chungu chote kikafunguka kuwa mwanga. Sijui niuelezeje. Haukuwa mwanga wa moto; ulikuwa mweupe kama karatasi, na kila kitu uani kilipoteza rangi, ukuta wa mbingu ukawa mweupe, kuku wakawa weupe, na kivuli changu kikaruka ukutani kikubwa kuliko ndege. Ulikuwa mzuri. Hilo nalo ni kweli. Kwa kitambo kidogo nilisimama nikiutazama kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Halafu nikasikia Mama Anesi akitaja jina la Yesu kwa sauti ya chini, nikashika ndoo ya maji.

Fundi Idi aliingia langoni nikiwa nimeinua ndoo. Alinipiga kikumbo cha bega, lakini nusu ya maji ilikuwa imeshatoka. Chungu kililipuka. Alikuwa kati yangu na chungu. Alianguka goti moja, akasimama, na kwa mkono wa kushoto akaanza kumwaga mchanga wangu wa kalibu, ule niliouchekecha asubuhi, juu ya moto, kopo kwa kopo, bila haraka, mkono wa kulia ameukumbatia tumboni, jicho la kulia amelifunga. Aliendelea hadi ule weupe ulipozama. Kisha akasema, "Maji apana. Hata siku moja, maji apana."

Wanajeshi walifika kabla moshi haujaisha. Mlipuko mweupe mchana, mwaka ule, haukuwa jambo la kucheka. Waliniangalia mimi: kijana, mgeni, analala ndani ya ndege, hana karatasi ya mtaa wowote. Aliyekuwa mkubwa wao aliuliza nani amewasha kile kitu. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Tangu siku ile nimejiambia kwamba ningesema kweli.

"Ni mi," akasema Fundi Idi. "Nilichanganya chuma. Ni ya avioni, inafanana na aluminiamu. Mi ni muzee, macho yalinidanganya."

"Fundi wa sufuria unachanganya chuma?"

"Ndiyo, afande. Ni kweli ni aibu."

Walicheka, wakatazama ndani ya ndege, mmoja wao akakaa kidogo kwenye kiti, wakaenda. Mtaa mzima ulikuwa langoni ukisikiliza. Kabla ya magharibi mafundi wenzake wote wa Buyenzi walikuwa wamekuja kumpa pole na kutazama shimo jeusi, na mmoja wao akasema kwa upole uliojaa furaha, "Idi, miaka yote hii, na unayeyusha jua?" Jina likazaliwa pale pale. Idi Jua. Wateja wa Rohero, mtaa wa wenye pesa, waliokuwa wakimwagiza yeye peke yake walianza kwenda kwa wengine. Fundi anayeweza kukosea chuma, alisema mmoja wao mbele yangu, leo anachoma ua wake, kesho sufuria yake itapasukia jikoni kwangu. Nilisikia nikanyamaza. Nilisubiri Fundi Idi arekebishe maneno yake wanajeshi wakishaondoka, na yeye, nadhani sasa, alisubiri mimi.

Jicho halikurudi. Mkono ulipona ukiwa umekunjamana, hauwezi kushika nyundo vizuri. Aliponiita ndani siku ya tatu, alikuwa amelala na kitambaa chenye asali usoni, na Mama Zena anamlisha uji. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaanza, "Fundi, lile gurudumu..."

"Patasi iko juu ya rafu," akasema. "Uanzie nyuma. Ribiti usivunje, toboa katikati, itatoka yenyewe. Kila kipande uniletee kwanza nikiguse."

"Fundi, unataka tuikate kweli?"

"We unafikiri ile moto imewapikia watoto?"

Nikaikata. Ilinichukua karibu mwezi. Kila jioni nilimpelekea vipande, naye alivipitisha vidole vya mkono mzima, akikumbuka: hiki ni cha chini ya dirisha la tatu, hiki kilinisumbua. Zena alimimina badala yake, akiwa anaelekezwa kwa sauti kutoka kitandani, na alimimina vizuri kuliko fundi yeyote aliyekuja kucheka. Mbavu nene za ndege zikawa sufuria. Bati la mwili, ambalo halikufaa kumiminwa upya bila hasara, tulilikata miduara na kuligonga kuwa mifuniko, na matundu ya ribiti yalibaki kwenye mifuniko hiyo, mstari ulionyooka, kutoka ukingo hadi ukingo. Mama Anesi alipewa sufuria ya kwanza na mfuniko wake. Aliishika kwa mikono miwili, akatazama yale matundu, kisha akatazama mahali ndege ilipokuwa, ambapo sasa ulionekana ukuta wa mbingu wote, mkubwa, hauna dirisha. Siku ile alipika wa kwanza. Watoto walikula jua likiwa juu.

Sikungoja mwaka uishe. Palikuwa na lori, na mtu aliyehitaji mpakizi, nikaondoka bila kuaga vizuri. Nimeona bahari tangu hapo, na ni kweli kwamba ng'ambo haionekani. Nimejua pia jina la chuma kile. Limeandikwa kwenye kibao mbele ya gurudumu katika ukumbi ule unaotazama maji, gurudumu la aina ileile, kijani-njano, nyuma ya kamba ili watu wasiliguse: magnesiamu, ile inayowaka nyeupe na kulipuka ikimwagiwa maji. Kila nikienda hulipita haraka. Siku ya simu ya Zena nilisimama mbele yake hadi mlinzi alipokuja kuniambia wanafunga.

Nilipanda basi kurudi Buyenzi; maziko niliyakosa, hitima niliwahi. Ua ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Ukuta bado ulikuwa na kivuli cha bluu chini ya rangi nyingine tatu. Zena, mwanamke mnene sasa, mwenye karakana yake mwenyewe na vibarua wanaomwogopa, alinikumbatia kisha akanisukumia kisu na kapu la vitunguu, na nikakaa jikoni pamoja na wanawake kama zamani. Mama Zena alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, haoni vizuri, anatambua watu kwa hatua zao. Sufuria za pilau zilikuwa zimepangwa juu ya mafiga ya mawe uani, za majirani, za msikiti, na moja kubwa iliyokuja kutoka Kinama na bodaboda, ikifuatana na Mama Anesi, mrefu bado, na mwavuli. Ilipochemka, mvuke ulitoka kwenye mfuniko wake katika mstari mmoja ulionyooka, vijiuzi vyembamba sawasawa, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nje barazani, mafundi wazee walikuwa kwenye mkeka wakisimulia. Nilisikia jina. "Idi Jua, Mungu amurehemu, siku ile kuku wake walitaga mayai ya kuchemsha." Wakacheka, kicheko cha mapenzi, cha watu waliofiwa. Zena aliweka mwiko chini.

"Hata leo," akasema. "Hata leo hawamuachii. Mukono wake uliungua na jina lake likaungua."

"Zena," nikasema. "Lile gurudumu nililitia mimi."

Alinitazama. Nikamwambia yote, tangu limao hadi ndoo, na kisu kikiwa bado mkononi mwangu. Nilitegemea atasema alijua. Mtu hujipa tumaini kama hilo kwa miaka mingi, kwamba waliomzunguka walikuwa wanajua na walikuwa wamekwisha kusamehe. Hakuwa anajua. Niliona uso wake ukibadilika polepole, ukirudi nyuma, ukipita mwaka hadi mwaka, kila mahali ambapo jina lile lilikuwa limetajwa.

"Mi nilimuambia baba alizeeka," akasema. "Nilimunyang'anya nyundo. Mi mwenyewe. Nilisema macho yake hayafai. Na yeye alinyamaza."

Nilifuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Usilie kwa vitunguu vyangu," akasema. Alichukua kisu kutoka mkononi mwangu, akageukia sufuria. "Wale mafundi wako pale nje. Si mimi wa kuambiwa."

Niliosha mikono. Nilipopita mlangoni Mama Zena aliinua uso, akasikiliza hatua zangu.

"Kwanini, unaenda wapi?"

"Hapa tu, mama. Barazani."

Akatikisa kichwa, kama mumewe alivyokuwa akitikisa. Nikatoka, nikavua viatu ukingoni mwa mkeka, na wale wazee wakanisogezea nafasi, nyuso zao bado na kicheko, wakidhani nimekuja kucheka nao.